Mzee Woga wa Springi za Nyuma Aaga Gereji

Baada ya miaka thelathini na moja katika gereji yetu, fundi mkuu wa springi na shokapu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Ofisini wanamjua kwa jina lake kamili. Sisi wengine tunamwita Mzee Woga, naye huitika bila kununa.

Jina alilipata mapema. Akiwa bado mgeni kazini, springi iliyobanwa ilichomoka kwenye kibanio ikatoboa bati la paa, ikipita pale pale mwenzake alipokuwa ameinamisha kichwa muda mfupi kabla. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo hakuwahi kubana springi bila kulowa jasho, na hakuruhusu mtu akatize mbele yake. Tulipomcheka alijibu, "Chekeni tu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Kazi aliyoipenda ni kuimarisha nyuma ya magari ya kila siku, yale ya kwenda kazini, sokoni na shuleni. Mteja akitaka gari lishushwe na kukazwa kama la mashindano, Mzee alimuuliza swali moja: "Kiti cha nyuma anakaa nani?" Wengi walibadili mawazo kabla hawajamaliza kujibu.

Asubuhi nisiyoisahau ni ya gari la bintiye, muuguzi mwenye mapacha. Gari lilikuwa limelegea nyuma. Kwenye kila tuta lilipiga chini, kwenye kona likayumba kama limelewa. Mzee akalifunga springi nene na ndefu kidogo kuliko za awali, shokapu mpya na bushi mpya, zile raba za kwenye maungio. Binti akapakia wanawe, akapiga honi, akashika mteremko kuelekea shuleni.

Mzee alikuwa akifuta spana zake alipoona nati moja imebaki kwenye sinia. Akaiokota. Akaigeuzageuza.

"Hii ya wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa chini ya gari.

Akapiga simu, haikupokelewa. Binti hashiki simu akiwa anaendesha. Babake mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Tukarukia gari la gereji la kuvuta magari mabovu, mimi kwenye usukani. Njia nzima hakusema kitu ila "Mungu wangu, wajukuu zangu," nati ameikaba kiganjani. Mteremko ule una kona kali, na chini kabisa wanafunzi huvuka barabara. Tulipoimaliza kona tukaona watu wamejaa kando ya njia. Mzee akafungua mlango gari likiwa bado linatembea. Nilimdaka kola.

Walikuwa wakimsaidia mtu kubadilisha gurudumu. Gari lilikuwa la mtu mwingine.

Binti tulimkuta langoni mwa shule, mapacha wakishuka na mikoba yao. "Baba, kuna nini? Mbona gari sasa limetulia, tamu kabisa!"

Mzee akatazama magurudumu ya nyuma. Akalala chali akaingia uvunguni. Nati zote zilikuwa mahali pake; ile ya mkononi ilikuwa ya zamani, aliyoibadilisha mwenyewe. Nikacheka kwa sauti, nikashusha pumzi. Yeye hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni. Ulikuwa umejikunja na kuegemea springi mpya, unasuguana nayo, na ngozi yake ilishaanza kuchubuka. Ungeshuka mteremko ule siku kadhaa zaidi, kisha ungepasuka na breki zisishike.

Akatoka uvunguni, akakaa ukingoni mwa barabara, binti akaja kumshika mabega.

"Ningekuua, mama," alisema.

"Hujaniua, baba. Umenifuata."

Kesho yake alituita sote akasimulia kosa lake mwanzo hadi mwisho, bila kujipunguzia. Akaomba jambo moja: gari lolote likiguswa nyuma, lisitoke mpaka fundi wa pili achungulie uvunguni. Tulinung'unika, kwa sababu foleni ya wateja ilirefuka. Leo ndiyo sheria ya gereji. Fundi wa pili ameshakuta bolti zisizokazwa, nyingine za kwangu, na mimi ni mmoja wa walionung'unika kuliko wote.

Juzi nilimuuliza kama kukaribia kustaafu kumempa nafuu. Akasema moyo bado humwenda mbio kila akikumbuka magari yaliyotoka kabla ya asubuhi ile, ambayo hakuna wa pili aliyeyachungulia. Anayaona usiku, alisema, yakiteremka.

Asante, Mzee, kwa kutubebea hofu tuliyoiona mzaha. Sasa tuachie sisi. Mkeo ameahidi kukutembeza, usukani anashika yeye. Kaa pembeni, fungua dirisha, na Mungu akujalie usingizi usio na mteremko.