Siku Kumi na Nne za Mzee Wilfred Tansley

Ndugu waombolezaji, marehemu Wilfred Tansley alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, kijijini Braunston, Uingereza, ndani ya boti ya kubebea makaa ya mawe mferejini, mtoto pekee wa Bwana Amos na Bibi Hetty, na kati ya mwaka 1952 na 1960 alisoma katika shule zisizopungua kumi na moja, kwa sababu boti haikumsubiri mtu amalize kitabu.

Alibeba makaa pamoja na baba yake hadi mizigo ilipokoma mwaka 1970, kisha akawa seremala wa malango ya mfereji, yale yanayozuia maji ili boti zipande na kushuka, kazi aliyoifanya kwa ustadi na kwa matusi mengi, hilo tusifichane, mpaka alipostaafu mwaka 2011. Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Bi. Muriel mjini Rugby, wakajaliwa mtoto mmoja, Clive, na Bi. Muriel alipofariki mwaka 2014 marehemu aliuza nyumba, akanunua boti, akarudi majini.

Alianza kuugua mapafu mwaka 2019. Kwa sheria ya mfereji, boti isiyo na maegesho ya kudumu haikai mahali pamoja zaidi ya siku kumi na nne, hivyo Januari mwaka huu, 2023, aliiomba ofisi ya mfereji imruhusu akae mpaka apate nafuu. Hapo ndipo Clive, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alipopiga simu ofisini kwa siri akasema, “Mzee ni mzima kabisa, anadeka tu,” akitumaini kwamba baba akichoka atakubali kuhamia kwake, kwenye chumba chenye joto. Ombi likakataliwa kwa barua.

Siku ya kumi na nne, tarehe 2 Februari, maji yakiwa na barafu, jirani yake Bi. Ida Pargeter alimwambia, “Wilf, we mzee mbishi, niachie boti nikusogezee,” naye akamjibu, “Usukani wangu simwachii mtu, Ida; nikikuachia leo, kesho Clive atanikalisha mbele ya televisheni na blanketi magotini.” Akaondoka peke yake, akafika lango la kwanza, akalisukuma mpaka likafunguka, akaketi hapo hapo juu ya boriti ya kulisukumia, akafariki saa nne asubuhi, injini ikiunguruma.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, Bi. Ida na majirani walioirudisha boti, na mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili. Ofisi haina lawama. Baba, ulikufa na barua yao mfukoni, ukiwa umewalaani tangu alfajiri, na laana ile ilikuwa yangu. Pumzika, baba, usihame tena.