Ombi la Ukingo Tuliouchimba Wenyewe

Mgeni rasmi, mwanetu, shikamoo hatukupi maana umri umetuzuia, lakini heshima yako iko palepale. Karibu. Angalia viatu, tope la hapa halijui cheo.

TULIKOTOKA

Zamani, mheshimiwa, maji ya mto huu ulikuwa ukisimama ndani unahesabu vidole vya miguu yako. Mama zetu wanafua, sisi tunavizia kambare kwa mikono mitupu, tunarudi na magamba ya konokono tu, tunachapwa. Basi tukakua, tukawa wafyatua matofali. Udongo mzuri ulikuwa ukingoni. Tukachimba, tukakata mikuyu, tukachomea matanuri. Tusifichane: nyumba zote unazoziona huko juu ni ukingo wa mto umesimama.

TULICHOFANYA

Mwaka wa tatu huu, wazee na wanafunzi tunaurudisha. Mwaka wa kwanza tuliboronga. Mfyatuaji hapendi mabonde, si unajua? Tukausawazisha ukingo wote kwa ubao, ukawa laini kama tofali bichi, tukapanda miche kwa kamba. Tukajisifu! Mvua ya kwanza ikazoa vyote. Binti mmoja wa darasa la saba akatuuliza, "Babu, kwani mlikuwa mnautandikia mto kitanda?" Tulicheka mpaka bibi zao wakaja kuangalia kuna nini. Sasa mabonde tunayaacha, matete tunayapanda kwa mafungu, na yameshika.

SHIDA

Magari ya mchanga yanapita juu ya matete hayohayo. Madereva ni watoto wetu wa kuwazaa. Tukiwafokea wanasema, "Wazee, nyie mlichimba mkajenga. Sisi tukale wapi?"

OMBI

Kibali chao kinaisha mwezi huu na kalamu iko kwako. Hatusemi uwanyime. Wape shimo letu la zamani la udongo kule ng'ambo ya mto, lile tulishaliua. Mchanga upo, tumechimba tukauona. Huku tuachie, mwanetu.

Ukisaini wachimbe huku pia, hatutakutukana. Kesho asubuhi tutakuja kupanda kama kawaida, na gari likija tutasogea lipite, maana aliyeshika usukani ni mtoto wetu. Likishapita tutainama tena, ingawa migongo imechoka kuinama mara mbili kwa shina moja.

Mungu akupe afya, akulindie wanao, akurudishe salama nyumbani.

Ni sisi, Kikundi cha Rudisha Matete: wazee wa matofali na wanafunzi wetu.