Pale pa Kusamehe

Kila asubuhi basi likiondoka, fundi cherehani hufumba macho na kunong'ona Baba Yetu, mbio kama mashine yake. Leo muuza mayai aliyeketi kando yake, trei mapajani, akamgusa kiwiko.

"Samahani, mwanangu. Wiki nzima nakusikia. Mbona ukifika pale pa kusamehe unaparuka?"

"Mimi, mama? Sala hii naijua tangu utotoni!"

"Ndiyo maana. Ulimi unaijua njia, moyo umelala. Hebu isali tena, Mungu hana basi la kuwahi."

Akaanza upya, polepole. Alipofika pale, akafumbua macho na kutazama dirishani. Basi lilikuwa linasimama karibu na kwa wifi yake, ambako hajakanyaga tangu wagombane msibani.

"Bwana," akasema, abiria wakageuka, "wifi yangu sijamsamehe. Nisaidie nishuke hapa."