Namba ya Jicho ya Gloire

Paa! Usiku ule taa ilikuwa inawaka, lakini Gloire wangu, miaka miwili, aligonga ndoo ya maji upande wake wa kushoto kama vile haiko pale, nikachukua telefone, nikamupiga picha na flashi niangalie jicho yake, jicho ile ya kushoto ikatoka nyeupe, nyeupe kabisa. Munganga akapima, akasema kansa ya jicho, inafaa twende Lubumbashi haraka, akaandika karatasi, lakini kisanduku ya code, namba ya ugonjwa, akaiacha wazi. Bila code bureau ya treni haitoi tiketi ya mugonjwa, na inafunga saa sita. Muntu wa code wa hospitali, banasema, ametoka kidogo. Basi nikakaa kumungojea kwenye benchi ya gare, stesheni ya treni kando ya hospitali, pale wazee wa reli wanakunywa kahawa, na kosa langu njo hili: niliwaambia.

— Code? Umefika kwetu! akasema papa Kalombo, wanamwita Aiguillage, miaka thelathini alikuwa anapindua njia za treni. Jicho njo taa. Taa iko mu magazini, stoo ya reli, herufi L.

— Weye! Taa inatembea? Huyu ni papa Monga, aliyekuwa anaandika namba za wagoni. Ugonjwa ile inatembea mu mwili. Kintu ya kutembea inapewa namba ya wagoni. Mama Gloire, mutoto iko na kilo ngapi?

— Kumi na moja, papa.

— Na kaputula ao bila kaputula?

— Papa, minyi sijui, munganga...

— Andika bila. Essieu mbili.

— Essieu?

— Vyuma vya magurudumu, mama. Kwake, miguu.

Monga akamugeuza Gloire, anatafuta mugongoni pa kupaka namba. Papa Josaphat, zamani chef wa treni, masharubu kama brosi ya viatu, akakasirika.

— Acha mutoto! Minyi nilionaka wagoni ya samaki ya Bukama, namba mubaya, ikazunguka mwezi muzima. Ilifika inajitangaza yenyewe.

— Kwa harufu!

— Kwa harufu. Sasa tujumulishe. Kilo kumi na moja, miaka miwili, kilometa za Lubumbashi...

— Mia sita.

— Ongeza mama yake, anapanda naye. L 614!

Kalamu ilikuwa mukononi mwangu. Saa tano na nusu. Kweli, karibu niandike.

Njo akafika dada mumoja wa blouse nyeupe ya hospitali na kikombe yake: Shekina, muntu wa code mwenyewe, amefuata kahawa. Akasoma karatasi, kidole chake kikasimama pale nilipojaza minyi mwenyewe. Karatasi inauliza: Jicho ya kushoto inaona? Nilijibu: kidogo.

— Kidogo namna gani, mama Gloire?

Shekina akafunika jicho ya kuume ya mutoto na mukono.

— Gloire, mama iko wapi?

Nilikuwa mbele yake, hatua moja, nimebana mudomo. Mutoto akanyoosha mikono hewani, akageuka, akashika mguu wa Josaphat.

— Mama?

Kisha Josaphat, polepole:

— Niko hapa.

Shekina akaondoa mukono. Akafuta kidogo yangu, akaandika hapana, na pa kisanduku: C69.2.

— Njo ile tu? Monga akauliza. Fupi hivi?

— Njo ile. C iko kansa, inayobaki iko pale nyuma ndani ya jicho. Mama, kimbia.

Nikamubeba Gloire.

— Mama Gloire! Josaphat akaita nyuma yangu. Ile ya minyi kuwa mama, usiambie muntu mwingine!

— Siambii, papa!

— Na nyinyi je? akawauliza wenzake.

— Hatuambii muntu, akasema Monga. Hapana hata mumoja, mama Josaphat.