Historia ya Tusekile Kibona, Mtunza Silaha Aliyeandika Barua Tatu

Mchungaji, wazee wa kanisa, uongozi wa kijiji cha Nanyala, ndugu mliotoka Ileje na mliovuka mpaka kutoka Nakonde, majirani na waombolezaji wote, familia imemtuma Nikodemo, mdogo wake marehemu, asome historia hii, na imemwagiza asome yote bila kuruka mstari, hata pale ambapo baadhi ya waliomo humu watatamani aruke.

Marehemu Tusekile Andongwisye Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1970, katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Andongwisye Kibona na Bibi Gwantwa, ambaye tunaye hapa mbele, ameketi mkekani, na ambaye tangu Alhamisi hajaweka chakula kinywani. Alikuwa mtoto mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Mwaka 1977, Tusekile akiwa na miaka saba, mdogo wake huyu anayesoma, aliyekuwa na miaka mitatu, alikunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda kando ya chupa nyingine ya maji, na dada yake ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, akipanda na kushuka vilima bila kupumzika. Kuanzia siku hiyo hakuna vitu viwili tofauti vilivyowekwa katika vyombo vinavyofanana kwenye nyumba aliyoishi Tusekile. Tulimcheka kwa jambo hilo, hata mumewe alimcheka, na yeye aliendelea kufunga kitambaa kwenye shingo ya dumu la mafuta ya taa.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1978 hapo Ikinga na kumaliza mwaka 1984, akachaguliwa kuendelea na sekondari, akahitimu kidato cha nne mwaka 1988. Mwaka 1989 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1991 akaandikishwa katika Jeshi la Wananchi, akasomea ufundi wa silaha, kazi ambayo wakati ule wanawake wake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alitumikia Morogoro na Songea kwa miaka ishirini na mmoja, akastaafu kwa heshima mwaka 2012 akiwa na cheo cha sajenti, na katika miaka yote hiyo hakuna askari aliyeumizwa na silaha iliyopita mikononi mwake.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Bwana Ezron Mwampashi, mkulima wa kahawa wa hapa Nanyala, katika kanisa la Itumba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marita, aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye ni mwalimu, na Alinanuswe, aliyezaliwa mwaka 2001, anayesomea uuguzi. Ameacha mjukuu mmoja.

Mwezi Mei 2013 aliajiriwa Tunduma na kampuni binafsi ya ulinzi, inayolinda mabohari na yadi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akakabidhiwa ghala la silaha. Kwa miaka minane alilitunza ghala lile lenye bastola kumi na mbili za aina moja, zenye mwili wa plastiki ngumu nyeusi na sehemu ya juu ya chuma, zinazotumia risasi za milimita tisa, na kazi ilikwenda vizuri.

Sasa familia inaomba msikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kifo chake kilipoanzia. Mwezi Februari 2021 kampuni ilileta bastola nyingine nane, zilizotumika, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Zilikuwa nyeusi vilevile, mwili wa plastiki ulitoka katika kalibu ileile, mshiko ni uleule, ziliingia katika mifuko ileile ya kiunoni, lakini risasi zake hazikuwa za milimita tisa, zilikuwa za milimita kumi na chembe. Kwa macho ya kawaida hakuna tofauti. Tusekile aliziona tofauti siku ya kwanza, kwamba chuma cha juu ni kinene kidogo na kizito zaidi, kwa kuwa risasi ile kubwa inasukuma nyuma kwa nguvu zaidi, kwamba mdomo wa mtutu ni mpana zaidi, kwamba magazini inabeba risasi kumi na tano badala ya kumi na saba, na kwamba ubavuni mwa mtutu imegongwa namba ndogo kuliko punje ya ulezi. Tofauti ni hizo tu. Magazini ya moja iliingia katika nyingine bila kukataa.

Alimwita meneja wa kituo, Bwana Sebastian, akaziweka bastola mbili mezani, akamwambia achague ya milimita tisa. Meneja alichagua, akakosea.

"Mama Marita," alisema huku akicheka, "zote nyeusi, zote zinapiga. Unataka nini tena?"

"Bosi, risasi kubwa haiingii kwenye mtutu mdogo, mtu atajua palepale," alimjibu. "Hatari ni risasi ndogo kwenye mtutu mkubwa. Inaingia kimya. Ukifyatua, ganda la risasi linavimba, linapasuka, linakwama humo ndani, na risasi yenyewe inakwenda inakotaka. Mlinzi anabaki ameshika plastiki. Mimi nazijua, je, nikiwa likizo, nani atazijua?"

Alijibiwa kwamba ana maneno mengi. Hakunyamaza. Tarehe 9 Machi 2021 aliandika barua ya kwanza, akiomba kabati la pili, ili aina mbili zisilale pamoja, na nusu siku ya mafunzo kwa walinzi. Hakupata jibu. Akachukua rangi ya kucha nyekundu ya binti yake, akapaka vitako vya magazini zote za zile bastola kubwa, na kwa miezi kumi na saba kila mlinzi alijua nyekundu ni nini, hadi mteja mmoja alipoziona akacheka kwamba kampuni inalindwa na silaha za saluni, ndipo ikatoka amri kwamba rangi ifutwe, na akalazimishwa kuifuta yeye mwenyewe kwa mkono wake. Tarehe 22 Agosti 2022 aliandika barua ya pili. Tarehe 16 Januari 2024, baada ya kukuta magazini yenye risasi za tisa ndani ya bastola ya kumi katika makabidhiano ya asubuhi, aliandika ya tatu, na humo aliandika maneno haya, tunayasoma kama yalivyo: "Nimeikuta leo kwa sababu nilikuwepo. Naomba msisubiri siku ambayo sitakuwepo." Nakala zote tatu, zenye mhuri wa kupokelewa, anazo Marita kwenye bahasha mkononi mwake, na atakayetaka kuziona ataonyeshwa.

Jibu la barua ya tatu lilikuja haraka. Mwezi Februari 2024 aliondolewa ghalani kwa maelezo kwamba anasumbua wenzake, sajenti mstaafu mwenye miaka hamsini na mitatu akapelekwa kusimama getini kwenye yadi ya malori, na funguo za ghala akapewa karani ambaye hakuwahi kufungua bastola maishani mwake. Familia haimlaumu karani. Ametueleza mwenyewe, akilia, kwamba aliomba kufundishwa akaambiwa asome karatasi ukutani, na ukutani hapakuwa na karatasi.

Siku ya Jumanne, tarehe 7 Mei 2024, saa nane mchana, watu wanne walishuka kwenye gari dogo mbele ya yadi, mmoja akiwa na bunduki iliyokatwa mtutu, wakilifuata lori lililobeba shaba. Getini walikuwepo Tusekile na mwenzake Fanueli, baba wa watoto watatu, aliyekuwa ameingia zamu saa moja kabla na bastola aliyopewa ghalani. Fanueli alifyatua mara moja. Tusekile, kama alivyotusimulia mwenyewe kitandani, aliusikia mlio ule mkavu na hafifu, akajua kabla hata ya kugeuka. Alipogeuka alimwona Fanueli anavuta chuma cha juu kwa nguvu zake zote na hakirudi.

"Lala chini, Fanueli!" alipiga kelele. "Risasi siyo yake hiyo! Lala!"

Kisha akapita mbele yake. Alikuwa na bastola ya tisa, aliyoikagua mwenyewe asubuhi kama alivyokagua kila siku, nayo ilifanya kazi, akafyatua mara nne, wale watu wakakimbia bila lori na bila shaba. Lakini aliyekuwa na bunduki alikuwa amekwisha kumpiga tumboni. Fanueli alimbeba hadi kwenye gari la mteja, na njia nzima, anasema, mama yule hakumuuliza kingine isipokuwa kama ganda limepasuka.

"Limepasuka, mama," alimwambia.

"Basi litunze. Usimpe mtu zaidi ya polisi."

Fanueli alifanya hivyo, na ganda lile liko polisi hadi leo.

Marehemu alifanyiwa upasuaji mara mbili jijini Mbeya. Alipata nafuu kwa siku chache, akala uji, akamuuliza mumewe kuhusu kahawa, kisha uambukizi ukaingia kwenye damu. Na hili nalo lisomwe. Tarehe 17 Mei, marehemu akiwa na homa kali, Bwana Sebastian alifika wodini na karatasi iliyoandikwa tayari ili marehemu atie sahihi, akikiri kwamba silaha zote zilikuwa sawa na kwamba yeye aliacha nafasi yake kinyume cha taratibu. Marita alitaka kuita walinzi wa hospitali. Mama yake alimzuia, akaomba miwani, akaisoma karatasi yote polepole hadi mwisho.

"Bosi," alisema, "ni kweli niliacha nafasi yangu. Andika na sababu yake, ndipo nitie sahihi."

Meneja aliondoka na karatasi yake ikiwa haina sahihi. Alhamisi, tarehe 30 Mei 2024, saa nne asubuhi, Tusekile alifariki dunia, akiwa na miaka hamsini na minne, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jioni ya siku hiyohiyo, yaani juzi, kampuni ilituma salamu za rambirambi zinazosema marehemu alipoteza maisha kwa kukiuka taratibu. Jana, Ijumaa, walinzi kumi na mmoja, wakiongozwa na Fanueli, walirudisha bastola zote mezani na kukataa kuzibeba, na kabla ya saa sita mchana kabati la pili lilikuwa limefika ghalani. Jipya, lina kufuli mbili. Miaka mitatu na miezi miwili liliombwa kwa heshima, kwa mwandiko safi, na lilipatikana kwa asubuhi moja, marehemu akiwa mochwari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa siku ishirini na tatu, majirani wa Nanyala na Tunduma mliochota maji na kupika tangu siku ya kwanza, kanisa, ndugu wa Nakonde, na walinzi wenzake, hasa Fanueli, ambaye Bibi Gwantwa amemwomba akae leo pamoja na watoto wa marehemu. Ratiba mliyonayo mikononi inaonyesha salamu za mwajiri baada ya historia hii. Familia imeziondoa. Bwana Sebastian, karibu ukae, karibu utupe udongo kama wengine, lakini hutasema neno juu ya jeneza hili.

Dada Tusekile, Mama Marita, sajenti wetu, lala sasa katika amani ya Bwana. Hasira yako tuachie sisi, bado tuna kazi nayo.