Bi. Kestler na Klarineti Niliyokosea Kubeba

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na saba ya kazi, Bi. Irmgard Kestler atafunga kifuniko cha piano ya ukumbi wa shule yetu ya muziki hapa Bamberg, Ujerumani, na kustaafu. Sisi walimu wa klarineti, filimbi na tarumbeta hatujui tutafanyaje. Tunajikaza tu.

Kazi yake ni kuwasindikiza wanafunzi kwa piano. Wakipanda jukwaani, naye yupo pembeni, miwani puani. Aliyeruka mstari, aliruka naye. Aliyesahau kurudia, naye alisahau. Ukichelewa mazoezini atakupokea kwa, "Aa, mheshimiwa amefika! Tutandike zulia?" Kisha atakukatia keki yake ya plamu.

Lakini kuna jambo amelificha miaka ishirini na miwili, na leo mimi, Korbinian Rauh, mwalimu wa klarineti, nalitoa hadharani. Anisamehe.

Siku ya mtihani wangu wa kuingia chuo cha muziki, nikiwa bado mwanafunzi hapa, nilipangiwa utunzi fulani wa karne ya kumi na tisa wa klarineti na piano: wimbo mmoja mfupi, kisha unageuzwa mara saba, kila mara umevaa nguo nyingine. Nafasi ilikuwa moja tu. Nikishindwa, baba alishaniahidi kazi ya kuosha mapipa kwenye kiwanda cha bia cha mjomba. Sisi wapuliza klarineti huwa nazo mbili: fupi, na ndefu kidogo ambayo sauti yake iko nusu ngazi chini, yaani kitufe kimoja cha piano. Kwa kiwewe nilibeba moja, ile ndefu. Utunzi ulitaka fupi, na fupi ilikuwa nyumbani.

Bi. Kestler akanipa noti ya kulinganisha sauti. Nikapuliza. Lo! Hatukupatana hata kidogo. Yeye akapiga chafya ya uongo, akalalamika, "Chavua za Mei hizi!" akagusa kitufe cha jirani, tukalingana. Akaninong'oneza, "Wewe puliza. Mengine niachie mimi."

Akaushusha utunzi mzima nusu ngazi, papo hapo, macho yakiwa kwenye karatasi inayosema vingine. Hata mgeuzo wa tano, ambapo piano hubaki peke yake na vidole hukimbia kama vinafukuzwa! Jasho lilimtiririka shingoni. Mwenyekiti wa watahini akaisifu sauti yangu "yenye kina". Nafasi nikapata.

Nje ya mlango akanishika sikio: "Ukirudia tena, nitakutwanga kwa klarineti hiyohiyo!" Kesho yake akafunga utepe mwekundu kwenye mkoba wa ile fupi, nisiikosee tena. Upo mpaka leo.

Bi. Kestler, ahsante kwa kila aliyevuka kwa mikono yako. Tunakuombea siku nyingi za raha, na asubuhi zisizo na mtu wa kusubiriwa.

Ijumaa, kwenye hafla ya kukuaga, utanisindikiza kwa mara ya mwisho, utunzi uleule. Nitakuja na klarineti zote mbili. Safari hii chagua wewe, mama.