Paker wa Korongo FC

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimi ni Nasike, na leo nimeingia studio kichwa kikiwa kimevurugika. Wiki nzima nimeuliza watu swali moja, na kila jibu linanichanganya zaidi. Kwa nini mtu mwenye akili zake akubali kusimamishwa kazi kwa jambo ambalo lingeisha kabla chai haijapoa?

Mtu huyo ni marehemu Mulinge Kitonga. Nirudie kwa mnaofungua redio sasa. Mulinge Kitonga, afisa mkuu wa biashara wa klabu ya kandanda ya Korongo FC, hapa Kitengela. Kazi yake haikuwa kufunga mabao. Kazi yake ilikuwa kutafuta wadhamini, kuuza tiketi na jezi, na kuhakikisha timu ina mahali pa kuchezea. Mpira wenyewe alikuwa hajui kuupiga. Mkewe, Kavutha, aliniambia akicheka na kulia pamoja: "Penalti alikuwa hawezi kuangalia. Anafunika macho, ananiuliza, imeingia?"

Mulinge alizaliwa Mwala, kule Machakos. Alikuja huku kuuza rangi za nyumba. Kitengela ilikuwa inajengwa kila kona, kwa hivyo rangi ikamjulisha kwa watu. Korongo walipomchukua, timu ilikuwa inaomba viwanja vya shule na kufukuzwa shule zikifunguliwa. Mulinge akasema hakuna mdhamini ataweka jina lake kwa timu isiyo na kwao. Akatoka kutafuta kwao.

Akampata Mzee Kuntai. Huyu ni mfugaji wa Kimaasai, na malisho yake yako upande wa Isinya, ukitoka Kitengela ukielekea Kajiado. Siku ya kwenda kumsalimu, Mulinge alibeba kondoo dume. Alikuwa anawaza nyama choma. Wachome, wale, waongee mambo ya uwanja. Mzee Kuntai hakuchinja. Alimpokea yule kondoo, akamwachilia aingie kwa wenzake, kisha akamshika Mulinge mkono na kumwita "Paker". Wakaongea. Uwanja ukapatikana siku hiyo hiyo.

Wasikilizaji, sio paka. Ni Paker. Mulinge alirudi mjini akisema ameitwa Paker, na mjini nao wakasikia Kiingereza. Unajua siku za mechi afisa wetu mkuu alikuwa anasimama langoni na suti yake, anaelekeza magari pa kuegesha. Basi mashabiki wakamwita Parker. Bintiye, Celine, anasema: "Sisi wote tulijua ni story ya paking. Hata mum alikuwa anamtania nayo."

Miaka ikaenda vizuri. Wadhamini wakaja, jezi zikauzwa, majukwaa ya mbao yakasimama kwenye yale malisho. Halafu mwaka huu ligi ikataka kila klabu ilete mkataba wa uwanja, wenye sahihi ya mwenye ardhi. Bila huo mkataba, Korongo inashushwa daraja. Mwenyekiti wa klabu, Githongo, akamtuma Mulinge kwa mzee. Mulinge akaenda, akanywa chai, akarudi mikono mitupu. Akatumwa tena. Akarudi vile vile. Kamati ikamuuliza, mkataba uko wapi? Akajibu: "Siwezi kumpelekea Paker karatasi."

Mwenyekiti Githongo ananiambia mpaka leo maneno hayo yanamzungusha kichwa. "Parker si ni yeye? Sasa atajipelekea karatasi aje? Niliona anatuchezea. Nikasema huyu hata hajaongea na mwenye shamba kuhusu mkataba."

Wakamsimamisha kazi. Hakujitetea. Jumapili iliyofuata alikuwa langoni na suti ile ile, akielekeza magari. Hapo ndipo mimi huwa nashindwa. Mimi ningeenda nyumbani nikanune.

Mwezi uliopita, mchana, akiwa mezani anakula, moyo wa Mulinge ulisimama. Akatuacha.

Baada ya siku chache simu yake ikalia. Mkewe, Mama Celine, akaona kumeandikwa Paker, akapokea. Nitawapa alivyonisimulia.

"Akasema, 'Paker?' Nikamwambia hapana, Paker ni wewe, simu imeandika. Akasema, 'Mama, Paker ni mwenye simu.' Nikamwambia mwenye simu anaitwa Mulinge. Akasema, 'Huyo simjui. Mimi nataka Paker.' Nikamwambia, basi mzee, mwenye simu hayuko tena duniani. Akauliza, 'Paker wangu?'"



Mzee Kuntai alikuja Kitengela kwenye matanga, juu ya bodaboda, amepakata kondoo jike. Akaeleza mbele ya watu. "Mtu akikupatia kondoo, jina lake linaisha. Yeye ni Paker kwako, na wewe ni Paker kwake. Angenipatia ng'ombe tungeitana Pakiteng. Huyu ni mjukuu wa yule kondoo wake." Kumbe Mulinge alikuja kuelewa. Lini, hakuna anayejua. Hakumwambia mtu. Aliacha tu aitwe wa paking.

Celine akainamisha kichwa kwa heshima, mzee akakigusa kwa kiganja, akampa kamba ya kondoo. Kisha akasema: "Paker."

Celine akageuka kuangalia picha ya babake. Alidhani ndiyo inayosalimiwa. Mzee akarudia, "Wewe. Paker." Msichana akaitika, "Paker," akaanza kulia.

Mwenyekiti Githongo alikuwa amekuja na mkataba kwenye mkoba. Simlaumu, ligi ilikuwa haimsubiri mtu. Akamnong'oneza Celine, "Mami, sasa mwambie mzee atuwekee sahihi." Celine akafuta machozi. "Mimi siwezi kumpelekea Paker karatasi."

Mzee Kuntai alisikia. "Karatasi gani?"

Githongo akamweleza yote, mpaka ile ya kumsimamisha Mulinge kazi. Mzee akamwangalia, akamwangalia Mama Celine. "Hakuna mtu aliniambia. Si angeniomba? Ningeweka. Mbona hakuniomba?"

Mama Celine alikaa chini pale pale kwenye nyasi. Mzee akaweka sahihi juu ya boneti ya gari la mwenyekiti, na Korongo ikabaki na kwao.

Kukataa kumdai Paker sahihi, ilikuwa heshima, au ilikuwa ukaidi? Nimeliuliza hili swali kila mahali, hata kwa watu wangu wa nyumbani. Nampenda Mulinge kwa alichofanya, na ninamkasirikia pia. Mama Celine, Celine, Mzee Kuntai, na familia yote kule Mwala, poleni sana kutoka kwetu hapa redioni. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu unamheshimu mpaka unaogopa kumwomba, fikiria: pengine anangoja tu uombe.

Mkienda uwanjani Jumapili, mtamkuta Celine langoni, amevaa koti la babake, anaelekeza magari. Mwiteni Parker, ataitika. Nilimuuliza anaitikia lipi kati ya majina yale mawili, la kondoo au la paking. Akaniambia nisogeze gari, nimefunga njia.